Mashine Iliyokuwa Haijafungwa

Baba yangu alikuwa akisagia watu mahindi Kamukuywa, na mashine yake ya posho mili ilikuwa na mdomo. Mdomo wenyewe ulikuwa mkebe wa rangi uliotobolewa na kuvishwa kwenye bomba la moshi, ili kila mpigo wa injini utoke ukiita: tu, tu, tu, tu. Wasagaji wote wa zamani walifanya hivyo. Bila mkebe ungekaa na mashine yako siku nzima, watu wakidhani umefunga. Na hakukuwa na mikebe miwili iliyoita sawasawa. Mtu anayepalilia ng'ambo ya mto aliinua kichwa akasema huyu ni fulani, huyu anayekohoa ni fulani, leo twende kwa yule mwingine.

Ya baba ilikuwa na sauti nzito yenye mkwaruzo ndani yake. Jioni alipomaliza kusaga alikuwa na desturi moja. Alifunga dizeli, injini ikapunguza mwendo, mipigo ikaanza kuachana, na kabla haijanyamaza kabisa aliugonga ule mkebe kwa spana. Nyumbani kwetu, nyuma tu ya migomba, hiyo ndiyo iliyokuwa amri ya kuweka maji ya ugali motoni. Hakuna aliyekula kabla ya spana. Mgeni akija na njaa zake alingoja kama sisi.

Nayasema haya mapema kwa sababu nikiyaruka, utakaposikia nilichokifanya baadaye utadhani nina wazimu.

Baba alifia kazini, alasiri moja, injini ikiunguruma. Alikuwa ameketi kwenye gunia kupumzika, na hakuinuka tena. Hakukuwa na mteja. Mama alikuwa shambani akichuma kunde, akasikia mashine imekuwa nyepesi, sauti ya mashine isiyolishwa. Akajisemea kwamba mzee leo anasaga upepo, akaendelea kuchuma. Mashine nayo ikaendelea hivyo hivyo, peke yake, hadi dizeli ikaisha. Ikakohoa, ikakatika. Mama alikuwa amekwisha kurudi jikoni, moto umewaka, mwiko mkononi. Akangoja spana. Alikuwa bado anangoja jirani alipokuja mbio akipiga nduru.

Tulipokwisha kumzika nilimleta mama kwangu Kitale, mtaa wa Matisi, katika nyumba ya kupanga yenye vyumba viwili na jiko dogo lenye sinki. Mimi ni binti yake pekee aliyebaki karibu. Kazi yangu ni kuwafanyia hesabu za mvua na mavuno watu wanaouza mbegu, na sehemu kubwa naifanyia nyumbani, kwa hiyo nilijua nitaweza kumwangalia. Mwanzoni ilikuwa vizuri. Kisha akili yake ikaanza kupungua kidogo kidogo. Aliniita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Hilo halikunichoma sana. Kilichonichoma ni chakula cha jioni.

“Mayi, kula,” nilimwambia. Ndivyo tunavyomwita mama kwetu.

“Bado.”

“Bado nini?”

“Papa yako hajafunga.”

Mara za kwanza nilimwambia ukweli. Alinitazama, akaelewa, akalia kilio kile cha siku ya msiba, chote, tangu mwanzo. Kesho yake jioni: “Hajafunga.” Nikamwambia tena, akafiwa tena. Nikaacha. Siwezi kumuua baba kila jioni na mboga inapoa mezani.

Halafu akaacha na chakula cha mchana. Hesabu yake ilikuwa wazi kabisa, na ndiyo iliyonitia hofu: kama mzee hajafunga tangu jana, basi jana haijaisha, na mtu hali chakula cha leo katika siku ya jana. Akabaki na chai. Gauni likaanza kumning'inia. Daktari alimpima kila kitu, akaniambia mwili hauna ugonjwa, lakini akiendelea hivi hatutakuwa na haja ya kuutafuta. Mimi ni mtu wa hasira, nilitoka pale bila kuaga. Nyumbani nilikaa mbele ya kompyuta nisiandike hata nambari moja, maana alichosema kilikuwa kweli. Mama yangu alikuwa anakufa kwa adabu, akimngoja mumewe wale pamoja.

Sasa, ile lugha ninayofanyia hesabu ni ya ajabu kidogo. Lugha nyingine za kompyuta unaiambia mashine: chukua nambari hii, ifanyie hivi, haya, chukua inayofuata. Hii yangu haina subira hiyo. Unashika safu nzima ya nambari, hata ziwe milioni, na kuimwaga yote mara moja kama gunia kwenye mdomo wa mashine ya kusagia. Zidisha, inazidisha zote. Jumlisha, inajumlisha zote. Maagizo yenyewe ni alama fupi fupi, wenzangu kazini husema nimeandika uchawi. Na husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, ili kuelewa jambo ni lazima uanzie mwisho wake.

Sauti nayo ni safu tu. Hilo nilikuwa nikilijua, sikuwahi kulifanyia kazi. Ni nambari zinazopanda na kushuka kati ya hasi moja na moja, elfu arobaini na nne na mia moja kwa kila sekunde, na spika inasukumwa nje na kuvutwa ndani kuzifuata. Mstari mmoja mfupi unakupa wimbi, lile pindo laini tulilolichora shuleni kwenye karatasi ya grafu. Nilikaa na mama pale sebuleni, saa za alasiri, nikaandika wimbi zito la kwanza na kulicheza.

Ilikuwa sauti mbaya. Haikuwa na pumzi wala ukuta, haikutoka kwa kitu chochote cha dunia hii. Mama aliinua kichwa.

“Nani huyo?” akauliza.

Hakusema nini hiyo. Alisema nani huyo. Hapo hapo nikajua nitakachofanya. Kama mama hatakula mpaka mashine ifungwe, basi nitaijenga mashine na kuifunga.

Nilianza na mpigo mmoja. Wimbi zito linaloanza kwa nguvu na kufifia haraka. Juu yake nikaweka wimbi jembamba, mlio wa mkebe. Kisha nikaurudia mpigo, mitano na kitu kwa sekunde, maana injini ile haikuwa na haraka. Kompyuta ilinikatalia mara nyingi. Huwezi kujumlisha safu mbili zisizolingana urefu, inakwambia urefu haulingani na kugoma, na mimi nilikuwa nikitukana kwa sauti ya chini. Nilipofaulu nikaicheza. Mlango wa jirani ukafunguka.

“Niaje, ati nani ameleta posho mili kwa ploti?” kijana wa mlango wa pili akauliza, akicheka.

Lakini mama hakucheka. Alikuwa ameelekeza sikio.

“Si yake,” akasema. “Hii ni safi sana. Ya mzee ilikuwa na uchafu ndani.”

Nikaongeza uchafu. Uchafu wa sauti ni nambari za bahati nasibu, zisizo na mpango, unazinyunyiza kidogo juu ya wimbi kama unga juu ya kibao. “Punguza,” akasema. Nikapunguza. “Mkanda yake ilikuwa inapigapiga.” Nikaweka mkanda. Huyu ndiye aliyekuwa hakumbuki jina langu. Siku moja niliteleza nikaandika mwendo wa chini kidogo, na kabla sijagundua alisema: “Leo anasaga mahindi yenye haijakauka. Itamsumbua.” Niliangalia nambari yangu, nikaona kosa. Kweli, mahindi mabichi yangeipunguza mashine vivyo hivyo. Nilianza kuogopa kukaa karibu naye wakati sauti ikicheza.

“Na yenye huwa inaruka, uliweka wapi?” akauliza.

“Inaruka nini, mayi?”

Kidole chake kilianza kugonga mkono wa kiti, mpigo kwa mpigo na sauti, na mahali fulani kidole kikabaki hewani pigo moja zima, kisha kikaendelea. Kikazunguka, kikabaki hewani tena. Nikakumbuka. Injini ya baba ilikuwa ikipoteza pigo moja kila baada ya muda. Nilikua na lile pengo, na nilikuwa nimelisahau kabisa. Nikalitia: mahali pa mpigo nikajaza sifuri, maana katika kazi hii kimya nacho huandikwa. Usipokiandika hakipo.

Nilipoicheza na pengo lake, mama alifunga macho. “Haya,” akasema. “Sasa anafanya kazi.”

Nililia siku hiyo, sioni aibu. Haikuwa furaha. Nilikuwa nimemsikia baba yangu akitoka kwenye spika ndogo juu ya friji, na nilikuwa nimemtengeneza mimi.

Jioni ilipofika nikaikata sauti, kama mtu anayezima redio. Sasa, ukiikata safu katikati ya wimbi, nambari inaruka ghafla kutoka juu hadi sifuri, na spika inatoa mlio mmoja mkavu: tak. Mama alishika mikono ya kiti chake pande zote mbili.

“Ndiyo hivyo ilifanya,” akasema. “Siku ile. Ndiyo hivyo.”

Hakunywa hata chai.

Basi nikaandika kufunga. Hiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko yote: mipigo inayoachana, kila nafasi ndefu kidogo kuliko iliyotangulia, sauti ikishuka na kuwa pumzi, na juu ya zile pumzi za mwisho, spana kwenye mkebe. Ngo zake nilizikumbuka vizuri. Nilizisikia utoto wangu wote nikiwa sakafuni na madaftari yangu, katikati ya nyumba. Ngo, ngo. Halafu ngo, ngo. Nne.

“Hapana,” mama akasema.

“Hapana nini?”

“Zake ni mbili.”

“Mayi, zilikuwa nne. Mimi nilikuwa hapo.”

“Zake ni mbili!” Alikasirika mpaka akasimama, yeye ambaye wiki ile alikuwa akisimama kwa kushikwa. Sikuona maana ya kubishana. Nilizinyamazisha zile mbili za mwisho, ila sikuzifuta. Ukifuta, urefu unabadilika na safu nyingine zote zinagoma. Nikaweka sifuri mahali pake, nikaacha nafasi wazi ya urefu ule ule.

Nikaicheza tena. Mashine ikafunga vizuri, spana ikagonga mara mbili, kimya. Mama akageuka kunitazama kwa huruma.

“Inatoka kwa sinki,” akasema. “Papa yako hasagi kwa sinki.”

Ni kweli. Kamukuywa, ukiwa jikoni, mashine iko upande wa machweo, nyuma ya migomba. Matisi ilikuwa ikitoka upande wa vyombo. Nikaazima spika kubwa, zile za kutangazia harambee, na Jumamosi nikampeleka mama nyumbani Kamukuywa.

Kibanda cha mashine kilikuwa kama kilivyoachwa. Utando wa buibui umeshika unga, umekuwa mzito na mweupe. Gunia alilokalia baba halikuwapo, mtu alikuwa ameliondoa, lakini alama yake sakafuni ilikuwapo. Niliiweka spika kando ya injini, nikavuta waya wa stima kutoka nyumbani, nikafungua kompyuta. Nilikuwa nimerefusha kila kitu: kusaga kwa muda mrefu, kisha kufunga, kisha sifuri nyingi sana mkiani ili spika isikate kwa ghafla. Mama nilimwacha jikoni kwenye kigoda chake, moto nimeuwasha, kunde zimeiva na sufuria kando. Nikabonyeza.

Sikutegemea ukubwa wa ile sauti. Ilitoka kibandani, ikapita migombani, ikaenda. Mabati yakatetemeka na unga ukaanza kudondoka kutoka kwenye utando. Nilisimama pale nikitazama gurudumu la injini, ambalo halikuwa likizunguka, na masikio yangu yakiniambia linazunguka.

Kosa langu lilikuwa moja, na ni kosa ambalo mtoto wa msagaji hakupaswa kulifanya. Nilisahau kwamba sauti ile ilitengenezwa ili kuita watu.

Wa kwanza alifika na beseni la mahindi kichwani. Ni mama mmoja jirani, mteja wetu wa tangu zamani, ambaye siku ile ya msiba ndiye aliyekuja mbio jikoni. Alikuja kwa mwendo wa kawaida, akaliweka beseni chini mahali palipokuwa pa foleni, akainua macho. Akaniona mimi. Akaiona injini imetulia.

“Mungu wangu,” akasema taratibu. “Nimesikia mashine ya mzee inaria.”

“Ni kompyuta, mama. Nilitengeneza ya mayi, ndiyo akule.”

Aliitikia kwa kichwa, kana kwamba jambo hilo hutokea. Nilidhani ataondoka. Hakuondoka. Alisimama kando ya beseni lake, mikono amefunga. Akaja wa pili na debe, wa tatu na mahindi ya mikebe miwili ya gorogoro kwenye mfuko. Kamukuywa siku hizi kuna mashine za stima kila pembe, zisizo na mdomo. Hawa wote walikuwa na pa kusagia. Walikuja kwa sababu miguu yao iliujua ule wito. Kila mmoja alichungulia, akaelewa au hakuelewa, akapanga chombo chake nyuma ya mwenzake. Mmoja tu, mwanamke wa makamo, alisikiliza mpaka lile pigo linaloruka likaruka, akabeba mahindi yake haraka.

“Mimi siwezi sagiwa na huyo,” akasema, akaenda zake.

Nilitaka kuzima. Mkono ulikuwa juu ya kitufe. Niliwaza mlio ule mkavu, tak, ukimfikia mama jikoni kwa mara ya tatu, na nikajua kwamba ukimfikia sitamrudisha Matisi akiwa hai. Nikautoa mkono. Niliogopa sana, na nikangoja pamoja na wateja.

Jua lilikuwa limeshuka kwenye migomba mashine ilipoanza kupunguza. Mipigo ikaachana. Wale wanawake walijua, wote waliinama kidogo kushika vyombo vyao, jinsi watu wanavyofanya msagaji akifunga kabla ya zamu yao. Tu. Tu. Pumzi. Spana ikagonga mkebe: ngo, ngo.

Halafu ikaja ile nafasi wazi, sifuri zangu nilizoziweka kwa uvivu ili urefu ulingane.

Na kutoka jikoni, nyuma ya migomba, mwiko ukagonga sufuria. Ngo, ngo.

Mahali pale pale. Mlio ule ule niliousikia utotoni, sakafuni na madaftari yangu. Miaka yote nilikuwa katikati ya nyumba, kati ya watu wawili waliokuwa wakiitana, nikidhani ni mmoja.

“Kesho basi,” yule jirani akasema, bila kumwambia mtu yeyote, akajitwika beseni. Wakaondoka wote.

Nilipofika jikoni maji yalikuwa motoni. Mama alisonga ugali mwenyewe, na alipokataa nimsaidie alikataa kwa jina langu. Nilitia kunde kwenye sahani, nikakaa. Akala. Alikula taratibu, tonge kwa tonge, akamaliza, akaongeza.

“Mayi, umekula,” nikasema, kwa ujinga.

“Si amefunga.” Akajifuta vidole. “Siku ile nilikuwa na mwiko kwa mkono. Nilingoja. Sasa utajibu aje kitu yenye haijagongwa?”

Nje kulikuwa kimya kabisa, hata mbwa hawakubweka. Mama akageuza uso kuelekea migombani, akasikiliza.

“Hiyo kitu yako bado inaenda,” akasema.

“Haina sauti, mayi. Iliyobaki ni sifuri tu.”

“Najua. Enda zima. Amechoka, na mimi nishamjibu. Usimwamshe tena.”

Nilienda kibandani. Kwenye kioo cha kompyuta safu ilikuwa bado ikicheza, sifuri baada ya sifuri, na nilipoweka kiganja kwenye spika haikuwa ikitikisika hata kidogo. Nikazima. Kisha, mlangoni, nikasema kwa sauti ya kawaida, lala salama papa, maneno ambayo siku ya kumzika yalinishinda.